MSUMENO UKIKWAMA, USIULAZIMISHE
Mazungumzo ya fundi wa vyombo na vikundi vya kujisaidia, Kisiwani Funzi

Maneno haya yalisemwa na fundi mmoja mbele ya wanavikundi wa Funzi na majirani zao. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema, ili hata wale ambao hawakuweza kuvuka kutoka Bodo wapate faida. Someni pamoja kikundini, na atakayesoma asome polepole, huku vifaa viko mbele yenu.

Sikuja na hotuba kubwa. Nimekuja na msumeno, patasi, keekee, kipande cha mshumaa na kabari mbili. Tukielewana juu ya vitu hivi, itatosha kwa leo.

Mnajua wenyewe kazi yetu ina majira yake. Kusi ikianza, bahari inachafuka, na vyombo vingi vinapandishwa ufuoni vitengenezwe. Na hapo ndipo masika nayo inapofika. Aprili mvua, Mei mvua zaidi, Juni bado. Kwa hiyo wakati tunaokuwa na kazi nyingi ya mbao ndio wakati mbao zimelowa. Hatuwezi kusema tungoje jua. Mvuvi anataka chombo chake. Basi lazima tujue kukata mti uliolowa bila kuharibu mti, kifaa, wala mkono.

KISA CHANGU MWENYEWE

Nilikuwa kijana, bado najifunza. Ilikuwa mwezi wa Mei. Mashua ilipandishwa ibadilishwe mataruma mawili yaliyooza. Tulikuwa na gogo la mkomafi lenye kombo zuri, limekatwa wiki ileile, na usiku kucha limenyeshewa. Nikaanza kukata mahali taruma linapokaa juu ya mkuku. Vidole vinne tu ndani, msumeno ukagoma. Hauendi mbele, haurudi nyuma.

Nikaona haya, maana fundi wangu alikuwa ananitazama. Nikausukuma kwa nguvu zote za bega. Ukapinda, ukalia tak! Tulipoutoa, bapa lilikuwa na kona kama mlango wa bati uliogongwa.

Sasa sikilizeni. Ule ulikuwa msumeno mmoja tu wa kikundi kizima, umenunuliwa kwa michango ya kidogo kidogo. Mpaka tukapata mwingine zilipita siku 16. Siku 16 mashua iko juu ya magogo, na watu sita walioitegemea wako nyumbani. Hakuna aliyenitukana. Lakini nilipopita njiani, watoto wao walikuwa wananitazama, na mimi natazama chini.

Fundi wangu aliniambia neno moja tu: "Mti haukuubana msumeno. Wewe umeunyima njia." Neno hilo ndilo nililowaletea leo. Kifaa kinataka njia. Kikikwama, kazi yako ni kutafuta ni kitu gani kimeziba njia. Usiongeze nguvu.

KWA NINI MTI ULIOLOWA HUBANA?

Sababu ni nne, na kila moja ina dawa yake.

Kwanza, nyuzi za mti zimejaa maji na zimevimba. Msumeno ukipita, zile nyuzi hazikatiki vizuri. Zinalala, kisha zinainuka tena nyuma ya meno kama manyoya ya mkeka mpya, na kulisugua bapa pande zote mbili.

Pili, unga wa mbao kavu huruka wenyewe, lakini unga wa mbao mbichi ni kama unga wa chapati uliotiwa maji. Unashikamana katikati ya meno. Meno yakijaa, hayakati tena, yanasugua tu.

Tatu, mti una nguvu zake za ndani. Gogo lililokulia upande mmoja, au lenye kombo kama tunalotafuta kwa mataruma, ukilipasua linataka kujifunga au kujifungua. Likijifunga, linaumeza msumeno.

Nne, utomvu. Mwembe una utomvu. Mikoko nayo magome yake yamejaa maji makali ya kutia ngozi rangi. Zamani magome hayo yalikuwa yakipakiwa melini kupelekwa ng'ambo kwa kazi ya ngozi. Maji hayo yakikutana na chuma yanageuka meusi, yanashika bapa, na kutu inaanza siku hiyohiyo.

TAYARISHA MSUMENO KABLA YA MTI

Chagua meno makubwa. Hesabu meno katika inchi moja. Msumeno wa meno 8 mpaka 10 ni wa mbao kavu na kazi laini. Kwa mti mbichi tafuta wa meno 5 au 6. Meno makubwa yana nafasi kubwa katikati, na unga uliolowa unapata pa kukaa mpaka utoke.

Noa. Tumia tupa ya pembe tatu, na kila jino lipate idadi ileile ya mikupuo. Msumeno butu kwenye mti mkavu unakuchelewesha tu. Kwenye mti mbichi unakwama.

Tanua meno, au kama wanavyosema mafundi wengi, yaseti. Jino moja linapinda kidogo kushoto, linalofuata kulia, hivyo mpaka mwisho. Hiyo ndiyo njia yenyewe aliyokuwa anaisema fundi wangu. Meno yakitanuka, mkato unakuwa mpana kuliko bapa, na bapa linapita bila kuguswa. Kwa mbao kavu tanua kidogo sana. Kwa mti mbichi, mkato uwe karibu mara moja na nusu ya unene wa bapa. Usifike mara mbili, kwa sababu msumeno utayumba na kiungo hakitakaa sawa. Na pinda nusu ya juu ya jino tu. Ukilipinda kutoka shinani, linavunjika.

Kama kikundi kina misumeno miwili, mmoja uwe wa mbao kavu na mmoja wa mti mbichi. Tieni alama kwenye mipini. Msiichanganye.

Sasa paka nta. Chukua kipande cha mshumaa, usugue pande mbili za bapa. Mistari michache tu, si kulifunika lote. Wenye mizinga ya nyuki wana nta yao, hiyo ni bora zaidi. Mafuta ya nazi yanafaa pia, tone dogo kwenye kitambaa. Rudia kila unapoona kazi inakuwa nzito. Na utomvu ukishika, futa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kausha, kisha paka nta tena. Mafuta ya taa yawe mbali na moto na watoto.

Oili chafu ya injini msitumie, jamani. Inaingia ndani ya mti, na baadaye gundi haishiki wala rangi haishiki.

MTI UMELALAJE?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Utaona mtu ana msumeno mzuri kabisa, lakini ameulaza ubao juu ya magogo mawili, halafu anakata katikati. Ubao unapozidi kukatwa unalegea, unabonyea chini, na mdomo wa mkato unafunga. Hata ungekuwa na msumeno wa namna gani, utabanwa.

Kata nje ya gogo la kuegemea. Kile kipande kinachokatwa kining'inie, kizito kinavutwa chini na mkato unafunguka wenyewe. Karibu na mwisho mwenzako akishike, kisichanike.

Kama unapasua kwa urefu, kwa mfano unatengeneza ulimi wa fremu ya mlango, ukishaingia kama sm 8 tia kabari nyembamba nyuma ya msumeno. Iweke kwa kidole tu, usiipige kwa nyundo, ukaja ukapasua mti. Kazi yake ni kuuzuia mdomo usifunge. Unaposonga, nayo isogeze.

Na jinsi ya kukata: mwendo mrefu, mkono mwepesi. Uzito wa msumeno wenyewe unatosha. Kila baada ya mikupuo kumi hivi, utoe nje, ukung'ute. Huko Japani misumeno yao hukata wakati wa kuvuta, si wa kusukuma. Bapa linalovutwa hunyooka, linalosukumwa hupinda. Sisi misumeno yetu mingi hukata kwa kusukuma, kwa hiyo tukibanwa ndipo tunapolipinda bapa. Ndiyo maana nasema: ukisikia uzito, simama. Usisukume hata mara moja zaidi.

Umeshakwama tayari? Usiutikise kushoto na kulia. Mwambie mwenzako ainue upande unaobonyea, au atie kabari kwenye mdomo wa mkato, kisha uvute taratibu kwa kunyoosha.

Kwa taruma lenye pango la kukaa juu ya mkuku, msijaribu kutoa kipande kizima. Kateni mikato mingi ya kupita, kila baada ya vidole viwili, yote ya kina kimoja. Halafu gongeni vile vipande katikati kwa patasi au tezo. Vinaruka kama mbegu za mkungu. Msumeno haupati nafasi ya kubanwa kwa sababu kila mkato ni mfupi.

PATASI NA KEEKEE

Tundu la kiungo katika mti mbichi, anza na keekee. Toboa matundu madogo mstari mmoja, kisha patasi ije kusafisha. Keekee nayo hujaa. Usitoboe mpaka mwisho kwa mkupuo mmoja. Ingia kidogo, itoe ikiwa bado inazunguka, safisha, rudi tena. Ukiiacha isimame ndani ya mti uliolowa, nyuzi zinaishika.

Patasi ianze katikati ya tundu, iende kuelekea kwenye ncha. Ziache ncha zenyewe, kama mm 3 kila upande, uzimalize mwisho. Kata kwanza nyuzi kwa kupita, ndipo uinue kipande. Piga kidogo, toa taka. Piga kidogo, toa taka. Ukiizamisha patasi sana itashikwa, na utataka kuibembea kama mtaimbo. Ncha itavunjika, au itaruka ghafla ikukute mkononi. Ikishikwa, igonge mpini taratibu kwa kufuata upana wa bapa lake, huku na huku, itajilegeza.

Na mkono wa kushoto usikae mbele ya patasi. Kidole hakina duka.

Randa je? Mti mbichi hutoa maranda mazito yanayoziba mdomo wa randa. Upanue mdomo kidogo, punguza ulimi wa chuma uingie juu juu, na sugua nta chini ya randa. Kisha usitafute ulaini leo. Ulaini utautafuta mti ukikauka.

KATA MARA MBILI

Hili ndilo kubwa, ndugu zangu. Hata ukikata vizuri, mti mbichi utasinyaa. Hausinyai kwa urefu, unasinyaa kwa upana na unene. Ubao wa upana wa sm 20 unaweza kupoteza hata sm 1. Ulimi uliobana leo, mwezi wa Agosti unacheza kama jino la mtoto.

Kwa vitu vya nyumbani, yaani milango, madawati na vitanda, kata mara mbili. Mara ya kwanza kata kwa kuzidisha, ulimi mnene kuliko unavyotaka. Viweke vipande kivulini, penye upepo, wiki mbili au tatu. Kipande kidogo hukauka upesi kuliko ubao mzima. Kisha rudi na msumeno wa meno madogo umalize. Hapo kifaa hakikwami na kiungo hakilegei.

Na kama mbao kavu ni chache, zitumie kwa ndimi. Tundu likiwa kwenye mti ulio mbichi kidogo na ulimi ukiwa mkavu, tundu linaposinyaa linaushika ulimi, hauchomoki. Tia na kigingi cha mti mkavu. Gundi ya mbao msiitegemee kwenye mti uliolowa.

Utajuaje mti umekauka? Kata kipande kidogo, kipime kwa mizani ya dukani, andika. Pima tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, umekauka kwa kadiri ya hewa yetu ya pwani. Mbao zipangeni juu ya mawe, futi moja kutoka chini, na vijiti katikati yake ili upepo upite. Juu funikeni kwa makuti, kando acheni wazi. Ncha za mbao zipakeni rangi au mafuta mazito zisipasuke.

Chombo cha baharini ni habari nyingine. Chombo kitarudi majini, na mbao zikilowa zinavimba na kufunga mianya. Kwa hiyo ubao wa mashua hauhitaji kukauka kama wa meza. Lakini pale ncha mbili za ubao zinapochongwa mshazari na kupandishana, sura zote mbili ziwe safi. Msumeno uliolazimishwa huacha sura yenye mawimbi. Utasema "kalafati itaziba." Pamba ya kalafati huziba mwanya ulionyooka. Haizibi uvivu. Mwanya huo utaujua ukiwa mbali na nchi, na mwenye kukomba maji ni mtoto wa jirani yako.

JIONI, KABLA YA KWENDA NYUMBANI

Futa kila kifaa kwa kitambaa kikavu. Maji ya mkoko na hewa ya chumvi havingoji asubuhi. Paka mafuta membamba, ning'iniza juu, usilaze kwenye mchanga. Mweka vifaa wa kikundi aandike nani amechukua nini na amerudisha kikiwaje. Bapa lenye kutu ni bapa lenye mikwaruzo, na mikwaruzo hukamata mti. Kesho utasema mti mbaya, kumbe ni jana yako.

MASWALI YALIYOULIZWA

Mama mmoja aliuliza: Fundi, sisi mishumaa hatuna kila siku. Sabuni ya kipande haifai?
Fundi: Inafaa ukiwa na shida, mama. Inateleza. Lakini sabuni huvuta maji na kuleta kutu. Ukiitumia, futa bapa ukimaliza, palepale.

Kijana aliuliza: Kwa nini tusikodi msumeno wa umeme tukamaliza mara moja?
Fundi: Mwanangu, huo nao unabanwa na mti uliolowa. Tofauti yake, ukibanwa unaruka nyuma kukuelekea. Na umeme kwenye mvua hauna rafiki. Jifunze kwanza kumpa njia huyu mdogo, ndipo umkaribie yule mkubwa.

Mzee mmoja aliuliza: Taruma likiharibika si tunakwenda kukata mkoko mwingine?
Fundi: Baba, siku hizo zimepita. Mkoko haukatwi bila kibali cha Shirika la Misitu. Na mkoko mmoja wenye kombo la taruma umechukua miaka mingi kuwa vile. Wenzetu wa Gazi na Makongeni, kwa mpango wao wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117, na mpango huo ulioanza 2013 umewapatia fedha zilizosaidia maji na shule. Mti una thamani hata ukiwa umesimama. Ukishaupata kwa halali, kuuharibu kwa haraka ni hasara mara mbili. Mvinje na mwarobaini tunaweza kuipanda wenyewe kwa kazi za nyumba.

NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, sitaki mkumbuke yote. Kumbukeni matano: noa, tanua meno, paka nta, egemeza mti vizuri, na ukikwama simama. Ule msumeno wangu uliopinda ninao mpaka leo. Umening'inia ukutani kwangu. Kila kijana anayekuja kujifunza humwonyesha huo kabla sijampa wowote mwingine.

Sasa njooni hapa karibu, na kila mtu akate mkato wake mmoja.

YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Vifaa vya kikundi chetu vina hali gani leo? Hesabuni meno ya kila msumeno na muandike.
2. Nani kati yetu anajua kunoa na kutanua meno, na lini atawafundisha wengine wawili?
3. Mbao zetu zinalala wapi wakati wa mvua? Tunaweza kujenga banda la makuti kabla ya masika?